Mbwa Anayekufa Njaa Nyuma ya Geti: Barua ya Wazi kwa Magavana na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma

Kwa Waheshimiwa Magavana na mabunge ya kaunti,
Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma,
Kwa waheshimiwa wa Bunge la Kitaifa,

Salaam.

Nawaandikia kutoka Mombasa. Kazi yangu ni kutibu wanyama majumbani mwa watu, na jambo lililonifanya nishike kalamu ni kosa ambalo sheria ya Kenya imelikataza tangu kabla ya Uhuru, ila ni nadra kumwona mtu kizimbani kwa sababu yake. Ni kosa la mtu kufuga mnyama kisha kumwacha ateseke kwa njaa, kiu, maradhi na mnyororo.

Simsemi yule anayempiga mbwa kwa rungu barabarani. Huyo hupigwa picha, video ikasambaa, wananchi wakapaza sauti na pengine polisi wakamtafuta. Namsema yule asiyefanya lolote. Ana mbwa, ana geti lenye kibao cha "Mbwa Kali", ana kufuli, na humo ndani mbwa anakwisha siku baada ya siku bila mtu kusikia hata mlio, maana mbwa mwenye njaa ya muda mrefu halii. Hulala tu.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ilipitishwa mwaka 1962, bendera yetu haijapandishwa. Lugha yake ilichotwa karibu neno kwa neno kutoka sheria ya Uingereza ya 1911. Inakataza kumpiga mnyama, kumtesa na kumbebesha mzigo unaomzidi, lakini haikukomea kwenye fimbo na mzigo. Inamkamata pia anayemfungia mnyama kwa namna ya kumtesa, anayemtelekeza mnyama wake mahali atakapoteseka, na anayemsababishia mateso kwa kuacha kufanya linalompasa. Hilo la mwisho lina uzito. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kujitetea kwa kusema, "Mimi sijamgusa." Kutomgusa ndilo kosa lenyewe.

Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wakati ule shilingi elfu tatu zilikuwa pesa za kumnyima mtu usingizi. Leo mbwa mwenyewe, akiwa wa mbegu ya kigeni, amenunuliwa kwa makumi ya maelfu, na faini ya kumuua kwa njaa haifiki bei ya mguu wake mmoja. Waheshimiwa wabunge, si kwamba hamjui kupandisha adhabu. Mwaka 2013 mlipitisha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori, na ndani yake kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka likawekewa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Mlifanya vyema, na ndovu wanastahili. Lakini uchungu wa njaa hauongezeki kwa sababu mnyama ana pembe zenye bei.

Hao Waingereza tuliowaiga waliifuta sheria yao ya 1911 mwaka 2006 na kuandika nyingine. Mpya inampa kila mwenye mnyama jukumu la kumtunza, kwa hiyo mtu anaweza kushtakiwa kabla mnyama hajafika hatua ya kuoza. Mwaka 2021 wakapandisha kifungo cha juu cha ukatili kutoka miezi sita hadi miaka mitano. Jirani zetu Tanzania wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, iliyounda hata baraza la kumshauri waziri juu ya mambo haya. Sisi bado tunatembea na nakala ambayo wenyewe waliokuwa nayo walikwisha kuiweka kando.

Hata hivyo faini si donda kuu. Ingekuwa laki tatu kesho asubuhi, kesi zingeendelea kutofika mahakamani, na nitawaeleza kwa nini, kwa sababu hili ndilo jambo langu hasa.

Mchukueni mbwa mmoja kati ya wale ninaoitwa kuwaona. Alifungwa mnyororo angali mtoto. Shingo ikakua, mkanda haukulegezwa. Ukimtazama kwa mbali unaona mbwa mwenye manyoya yaliyosimama kidogo shingoni, basi. Ukikaribia, harufu inakuambia kabla ya macho. Mkanda haupo juu ya ngozi, uko ndani yake, nyama imeota juu yake na kuufunika pande mbili, na kwenye mpasuko wa koo mabuu wanachezacheza. Inabidi umpe dawa ya usingizi, unyoe manyoya, utafute mahali pa kupenyeza koleo, ukate, kisha uuvute mkanda polepole kama unayechomoa waya kwenye donge la udongo mkavu. Pembeni pana sufuria yenye ukoko wa ugali wa juzi na kopo la rangi lenye maji ya kijani. Nimeona hali hiyo kwenye nyumba yenye gari mbili na kisima cha umeme.

Na aliyeniita si mwenye nyumba. Mara nyingi ni soja wa zamu ya usiku au dada wa kazi, anayepiga simu kwa sauti ya chini mwenye nyumba akiwa ametoka. Hawa ndio mashahidi wetu wa kweli. Wanajua mbwa alilishwa lini mara ya mwisho, wanajua ni nani aliyesema asipewe chakula ili awe mkali. Kwa maana bado kuna watu wanaoamini hivyo, kwamba mbwa wa ulinzi ashindishwe njaa, afungiwe gizani mchana kutwa, wengine wakamlisha pilipili. Ukweli ni kinyume. Mbwa aliyedhoofika hana nguvu ya kumfukuza mwizi, na mbwa aliyetiwa kichaa cha upweke humng'ata yeyote anayemkaribia, na anayemkaribia zaidi ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Soja na dada wanayajua yote haya, na siku watakayoitwa kuyasema mahakamani ndiyo siku watakayofukuzwa kazi. Kwa hiyo kesi ikiegemea ushahidi wao peke yake, imekufa kabla ya kuzaliwa.

Sasa mfuateni mwananchi anayejaribu kushtaki. Anakwenda kituoni, anataka nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Akibahatika kukutana na afisa mwenye moyo, anaandikiwa. Kisha afisa anauliza swali ambalo nimelisikia kwa namna mbalimbali, na silo swali la kipumbavu hata kidogo: "Tukimchukua huyo mbwa, tutamweka wapi?"

Hapo ndipo kila kitu hukwama. Panga iliyotumika kwenye ugomvi hufungwa kibandiko ikawekwa stoo mpaka siku ya kesi. Bangi hupimwa ikafungiwa. Mbwa aliyenyimwa chakula ni kielelezo kinachopumua. Anahitaji kula leo usiku, kesho na keshokutwa, anahitaji dawa, anahitaji mtu wa kumwosha kidonda, na kesi huenda ikaahirishwa miezi na miezi. Polisi hawana chumba wala bajeti ya hilo. Matokeo yake ni mambo mawili, yote mabaya. Ama mbwa anaachwa palepale kwa mshukiwa, na akirudi afisa wiki inayofuata anaambiwa mbwa alitoroka au alikufa kwa ugonjwa na kuzikwa. Ama anachukuliwa na msamaria mwema au chama cha kutetea wanyama, ambacho tayari kimejaa pomoni, na gharama zote zinakuwa za watu wenye huruma huku aliyetenda kosa akinunua mbwa mwingine.

Waheshimiwa Magavana, mzigo huo Katiba iliuweka mabegani mwenu. Someni Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha sita. Kinazitaja kazi za kaunti kuwa ni udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji leseni za mbwa, na pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Yameandikwa hivyo tangu 2010. Swali la yule afisa wa polisi lina jibu kwenye Katiba. Pale pa kumweka mbwa ni jukumu la kaunti, kama ilivyo jukumu la kaunti kuondoa taka na kuendesha zahanati.

Najua mtakavyojibu. Mtasema hospitali hazina dawa, walimu wa chekechea wanadai, barabara zimekatika. Nakubali yote. Lakini sidai jumba la ghorofa. Nadai vibanda vichache vyenye sakafu ya saruji na kivuli, bomba la maji, mizani, stoo ya chakula, na mfanyakazi mmoja aliyefundishwa, mahali ambapo daktari wa mifugo wa kaunti anaweza kufika. Kaunti nyingi zina viwanja vya idara ya mifugo vilivyobaki vichaka na paa za mabati. Kazi inaweza kuanzia hapo. Na sheria ya kaunti iseme waziwazi kwamba atakayetiwa hatiani atalipa gharama za kila siku mnyama wake aliyokaa pale. Mwenye gari mbili atakapopata bili ya miezi minne ya chakula na dawa, hata faini ile ya mwaka 1962 itakuwa haijaachwa peke yake.

Mahali hapo pia ndipo ushahidi hupatikana, na hapa naomba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anisikilize kwa makini. Utetezi wa kawaida wa mwenye mbwa aliyekonda ni mmoja: "Alikuwa mgonjwa, alikuwa hataki kula." Ni utetezi unaoweza kuwa kweli. Minyoo hukondesha mbwa, na homa ya kupe hukondesha zaidi, na hapa Pwani kupe ni wengi. Namna ya kuutambua ukweli ni rahisi mno. Mbwa hupimwa uzito siku anayochukuliwa. Daktari anampapasa mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga, anaandika kiasi cha nyama iliyobaki, anavuta ngozi ya shingo kuona inachukua muda gani kurudi, maana ngozi ya mwenye kiu hubaki imesimama. Damu na kinyesi vinapimwa. Picha zinapigwa pamoja na sufuria, kopo la maji na urefu wa mnyororo. Kisha mbwa analishwa chakula cha kawaida, kidogo kidogo mwanzoni, na anapimwa uzito tena na tena. Akinenepa kwa ugali, omena na mabaki ya nyama, na vipimo havikuonyesha ugonjwa wa kumkondesha, basi hakuwa na maradhi mengine isipokuwa njaa. Ile karatasi ya uzito ni shahidi asiyeweza kufukuzwa kazi. Soja halazimiki kusimama kizimbani. Mbwa mwenyewe ametoa ushahidi kwa kunenepa.

Lakini karatasi hiyo haiwezi kuandikwa kama mbwa hana pa kukaa. Kwa hiyo ofisi yako, Mheshimiwa Mkurugenzi, na ofisi za Magavana zinategemeana katika jambo hili, na kwa sasa kila upande unamsubiri mwenzake. Naomba utoe mwongozo kwa waendesha mashtaka wako. Ueleze ripoti ya daktari wa mifugo iwe na nini, uruhusu hakimu aombwe amri ya mapema ya kumpa mnyama makao mapya bila kusubiri hukumu pale ambapo picha na vipimo vimeshakusanywa, na uwaambie kwamba kosa la kuacha ni kosa sawa na kosa la kutenda. Kuna wanaosema raia anaweza kuomba ruhusa ya hakimu aendeshe mashtaka binafsi. Ni kweli, sheria inaruhusu, lakini wakili ni pesa, na haki ya mnyama isitegemee mfuko wa jirani.

Nije kwenye hofu ambayo najua mtakuwa nayo, kwa sababu hata mimi ninayo. Hofu ni kwamba sheria hii itawashukia maskini. Mama wa Likoni anayeuza mihogo ana mbwa mmoja anayekula wanachokula watoto wake, na siku watoto wakilala njaa mbwa naye hulala njaa. Huyo si mhalifu, na polisi atakayemkamata atakuwa amefanya dhuluma. Mbwa wake huwa mwembamba, naam, lakini hana mnyororo uliozama nyamani, anatembea, ana kivuli, anaitwa kwa jina. Sheria yetu yenyewe inazungumzia mateso yasiyo ya lazima, na umaskini ni jambo la kuzingatiwa kwa uzito. Kwa mtu kama huyo kinachotakiwa ni mtu wa kaunti apite na dawa ya minyoo na chanjo. Uingereza, chini ya ile sheria ya 2006, mkaguzi akiona mnyama hatunzwi anaweza kumpa mwenyewe notisi ya maandishi: kosa ni hili, fanya hivi, muda wako ni huu. Akitekeleza, mambo yameisha. Asipotekeleza, ndipo mashtaka. Mabunge ya kaunti yanaweza kuandika utaratibu kama huo katika sheria zao, na kama kaunti yako imekwisha kutunga sheria ya ustawi wa wanyama, basi utueleze mkaguzi wake ni nani na simu yake ni ipi.

Nao wapangaji wanaohama na kuwaacha paka ndani ya nyumba tupu, hilo nitalisema kwa ufupi: ni kutelekeza, limo ndani ya Sura ya 360, na mwenye nyumba anayegundua paka wanane wamefungiwa asiambiwe awatupe nje. Sisi wa Pwani tumekua tukisimuliwa madrasani kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie, na kilichompata kwa ajili hiyo. Tumesimuliwa pia aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Watoto wetu wanayajua haya kabla ya kujua kusoma. Mtu asituambie kwamba kumhurumia mnyama ni mambo ya kizungu.

Kuna na jambo la afya ya watu, ambalo pengine ndilo litakalofungua mifuko ya bajeti. Mbwa wa kuzurura hawaoti kutoka ardhini. Wengi ni mbwa wa mtu waliotupwa, au watoto wa mbwa wa mtu asiyemfunga kizazi, waliotiwa kwenye gunia na kuachwa sokoni usiku. Hao ndio wasiopata chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na karibu kila anayekipata amekipata kwa meno ya mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao. Kenya ilijiwekea mkakati wa mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Wataalamu wanatuambia kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Kuwategea mbwa nyama yenye sumu, kama ilivyozoeleka kufanywa malalamiko yakizidi, hakufikishi huko, kwa sababu wanaokufa hujazwa nafasi na wengine ambao nao hawajachanjwa. Leseni ya mbwa, ambayo Katiba imewapa nyinyi, ndiyo daftari la chanjo. Mbwa mwenye leseni ana mwenyewe. Mwenyewe akijulikana, hakuna wa kusema "huyo si wangu" akikutwa amemtupa.

Bunge la Kitaifa, ombi langu kwenu ni fupi kwa sababu kazi yenu iko wazi: pandisheni adhabu ya Sura ya 360 iendane na thamani ya pesa ya leo, andikeni jukumu la matunzo kwa kila mwenye mnyama ili mkono wa sheria ufike kabla ya mabuu, na mpeni hakimu uwezo ulio wazi wa kumpiga marufuku aliyetiwa hatiani asifuge mnyama kwa miaka atakayoiona inafaa. Bila marufuku hiyo, hukumu hutolewa asubuhi na mbwa mpya hufungwa mnyororo uleule jioni.

Na kwenu Magavana, nitarudi kwenye vile vibanda. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kuwa yamefika kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Nitakuja kwenye kikao cha Mombasa, na nawaomba wenzangu wa kazi hii waende kwenye vikao vya kaunti zao, tukiwa na karatasi yenye bei ya saruji, mabati, mizani, chakula cha mbwa kwa mwezi na mshahara wa mfanyakazi mmoja. Tutauliza ni fungu gani la bajeti linalolipia kipengele cha sita cha Jedwali la Nne. Tutaomba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Wenu,
Mtaalamu wa afya ya wanyama,
Mombasa